Waya Aliouchomoa Mama

Mimi ni mwalimu wa Historia, na sioni. Nalisema mapema ili tusisumbuane huko mbele. Kazi niliianza nikiwa na macho yangu mawili mazima, kwenye sekondari moja pembezoni mwa mji wa Bariadi, nikiandika ubaoni kwa mwandiko ambao walimu wenzangu walikuwa wakiusifia. Halafu ikaja presha ya macho. Ilinila pembeni kwanza, kidogo kidogo, ikasogea katikati, mpaka siku moja nikamfokea mwanafunzi aliyesimama mlangoni bila adabu, kumbe ni koti la mvua limetundikwa. Darasa likacheka. Na mimi nikacheka nao, nikamaliza kipindi, nikaenda nyuma ya stoo ya majembe nikalia mpaka kamasi zikanitoka.

Sasa mtu asianze kunionea huruma, maana ninachoandika hapa si kilio. Ninataka kushukuru watu watatu: mkufunzi wangu, mke wangu na mama yangu. Huyo wa mwisho ndiye aliyeharibu kila kitu.

Mkufunzi ni mtu wa Malampaka, anakaa karibu na stesheni, na yeye haoni tangu utotoni. Ndiye aliyenifundisha kompyuta upya. Siku ya kwanza alichukua kipanya, akakifungia kwenye droo, akasema, "Hicho sahau. Hicho ni cha wenye macho." Akaniwekea programu inayosoma maandishi yote ya kwenye skrini na kuyatamka kwa sauti. Unaweka spika ndogo kwenye sikio moja, lile lingine unaliacha wazi kwa ajili ya dunia, na kila kitufe unachobonyeza unaambiwa ni kipi. Nilimtukana sana mkufunzi wiki zile. Nilimwambia vidole vyangu vimezoea chaki, havitaki mambo haya. Alikuwa akisubiri nimalize, halafu anasema, "Haya, rudia."

Nikarudia, nikaweza. Nikawa naandaa somo mwenyewe, nasahihisha kazi ambazo wanafunzi walinichapia, naingiza alama mwenyewe kwenye programu ya matokeo. Darasani nasimama na kompyuta mezani, sauti inaninong'oneza sikioni, mimi naongea kwa mdomo wangu. Sauti yenyewe ni ya ajabu, inaongelea puani na haivuti pumzi. Mke wangu alipoisikia mara ya kwanza alisema nimemletea mke mwenza ndani ya nyumba. Tangu hapo ikawa ndiyo lugha yetu. Asubuhi ananiletea chai anauliza, "Mke mwenzangu ameamka?"

Basi, mwaka huu, pamba zikiwa zimeanza kupasuka mashambani, mkuu wa shule aliniita ofisini. Ni mama mpole na hazungukizungukii maneno, ndiyo maana namheshimu. Alisema Jumatatu ya wiki mbili zijazo watakuja wageni wa elimu. Watakaa darasani kwangu, watanitazama nikifundisha, kisha wataniomba niwaonyeshe jinsi ninavyoandaa somo na kuingiza alama bila kushikwa mkono. Wakiridhika, nabaki. Wasiporidhika, watapendekeza nistaafishwe kwa ugonjwa.

"Mwalimu, mimi nimeandika kwamba unaweza," alisema. "Lakini wao wanataka kuona."

Nilitoka pale nikipiga hesabu. Umri wangu wenyewe bado, watoto bado wanasoma, halafu nistaafu niende wapi? Kwetu Zagayu nikafanye nini? Kuna ndugu yangu mmoja alishawahi kunifariji kwamba pamba haihitaji macho, unapapasa tu na kuchuma. Alisema kwa upendo, najua. Ila siku ile ningekuwa na fimbo karibu, angenikimbia.

Wiki iliyofuata ndipo mama alipokuja kutoka Zagayu. Alikuja bila kutuarifu, na furushi la michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye ndoo. Tulimwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaitikia, akakaa, akasema amekuja kutusalimia tu. Mke wangu akaniambia pembeni kwamba mama ameleta nguo nyingi kuliko za mtu wa kusalimia. Mimi nikasema mwache, huyo ni mama yangu, akitaka ahamie. Tukamweka chumba cha watoto, maana wenyewe walikuwa bweni.

Alhamisi mchana kompyuta iliniambia inataka kujisasisha. Mke mwenza yule akanisomea onyo lake: usizime mashine mpaka kazi iishe. Nikaona vizuri, ifanye mapema, Jumatatu isije ikaniletea vituko mbele ya wageni. Nikaiacha mezani sebuleni imechomekwa ukutani, nikaenda shuleni kwa vipindi vya mchana. Mke wangu alikuwa kwenye kibanda chake sokoni, yeye ni fundi cherehani. Nyumbani alibaki mama peke yake.

Wingu likaja kutoka upande wa Lagangabilili, jeusi, wanasema walioliona. Radi ikaanza.

Kwa ambaye hakukulia kwetu nieleze. Radi ikianza kunguruma, mama yangu hana mchezo. Kioo cha kujitazamia anakifunika kanga. Kitu chochote chekundu anakiingiza ndani na kukisukumia chini ya kitanda. Sufuria zinazong'aa anazifunika kifudifudi. Redio inazimwa, simu zinazimwa, hakuna anayesimama mlangoni, hakuna anayeoga. Tulilelewa hivyo, na wote tuko hai, kwa hiyo usimwambie kitu. Sasa siku ile, baada ya kufunika na kuficha vyote, akaingia sebuleni akakuta kidude cha mwanawe kimewaka taa, kinaunguruma kidogo, na waya wake umeingia ukutani moja kwa moja kwenye umeme. Alishtuka. Akajifunga kanga vizuri, akausogelea waya kwa ujasiri wote, akauchomoa.

Betri ya ile kompyuta ilikuwa imekufa siku nyingi. Ilikuwa inaishi kwa waya tu.

Niliporudi jioni alinipokea mlangoni kwa furaha. "Ng'wana wane, leo nimekuokolea kitu chako. Radi ilikuwa inapiga, nikakichomoa upesi."

"Wabeja, mayu," nikasema, nikimaanisha asante kabisa, maana bado sikuwa nimeelewa.

Nikakaa, nikachomeka, nikawasha. Nikasikia ule mlio wa kuamka. Sauti ikaanza neno, ikafika katikati, ikakatika. Nikasubiri. Nikaiwasha tena kwa vitufe, ikasema nusu ya neno jingine, ikakatika. Nikajaribu ile sauti ya akiba inayokuja na kompyuta yenyewe. Nayo ikafa vilevile. Nikamwita mke wangu anitazamie skrini, akasema programu zinafunguka kisha zinajifunga zenyewe, hata ile ya matokeo. Hapo ndipo nilipokumbuka onyo la kutozima, na furaha ya mama mlangoni, na nikaelewa.

Jamani, hasira niliyokuwa nayo! Ningemwambia nini? Mwanamke wa umri ule, anayeogopa radi kama kifo, amesogelea waya wa umeme kwa mikono yake kwa ajili yangu. Nilitoka nje nikamfokea kuku. Nilimfokea kwelikweli, kwa Kiswahili na Kisukuma, mpaka jirani akauliza kuna nini. Nikasema huyu kuku hana akili.

Mama si mjinga. Alimfuata mke wangu jikoni akamuuliza, "Mkamwana, nimeharibu?" Mke wangu hajui kudanganya. Akasema, "Ndiyo, mayu, ila itatengenezeka." Usiku ule mama hakugusa ugali wake.

Ijumaa niliipeleka kwa fundi wa kompyuta pale mjini. Kijana mwaminifu, namsifu kwa hilo. Aliitazama akasema mafaili ya mfumo yameharibika, na dawa anayoijua yeye ni kupiga upya kila kitu. "Lakini Mwalimu, nikipiga upya, vyako vyote vinaondoka. Na hiyo programu yako ya sauti mimi siifahamu, sitaweza kuirudisha." Nikamwambia afunge, nirudi nayo. Nikiwa kwenye bodaboda nimeipakata kifuani, nilianza kupanga kichwani nitakavyowaaga wanafunzi.

Nyumbani nikampigia mkufunzi Malampaka. Nyuma ya sauti yake nilisikia treni ikipiga honi. Nikamweleza yote, na nikamweleza kwa ukali, maana mtu ukishamlipukia kuku bado kunabaki kitu. Akasubiri nimalize, kama kawaida yake.

"Usikubali mtu aifute," akasema. "Ni hivi. Mafundi walikuwa juu ya nyumba wanabadilisha bati. Bati za zamani wameshang'oa, mpya hazijapigwa misumari, halafu wakafukuzwa. Nyumba ipo, kuta zipo, vitu vyako viko ndani. Zimebaki bati kadhaa zinaning'inia. Kompyuta ina chombo chake cha kujikagua. Inapitia mafaili ya mfumo moja moja, ikikuta bovu inaweka zima. Tutaiambia ijikague."

"Tutaiambiaje, na mimi sisikii kitu?"

"Wewe utaandika, vidole vyako vinajua. Mkeo atatusomea skrini."

"Mke wangu hajui Kiingereza, mkufunzi."

"Si anajua herufi?"

Mke wangu aliishia darasa la saba. Kiswahili anakisoma kuliko mimi, na suruali anaikata bila kuchora. Kiingereza ndicho hakitaki. Nilipomwambia alisema, "Yaani nimsomee mke mwenzangu barua za kizungu? Haya, makubwa!" Lakini Jumamosi mchana akafunga kibanda mapema, wakati mteja alikuwa anasubiri gauni la kipaimara, akavuta stuli akakaa kando yangu.

Basi tukaanza. Nimecheka baadaye, siku ile hakuna aliyecheka. Vipofu wawili, mmoja Bariadi, mmoja Malampaka kwenye kitochi, simu yangu ndogo, kilichowekwa sauti kubwa mezani, na katikati yetu mwanamke mwenye macho mazuri asiyejua anachokitazama. Mkufunzi anasema, bonyeza hiki na hiki kwa pamoja. Nabonyeza. "Shemeji, umeona nini?" Mke wangu anasema, "Limekuja boksi jeusi." Mkufunzi anashangilia Malampaka kule kana kwamba amejifungua mtoto. "Hilohilo! Hilo boksi jeusi ndilo tunalolitaka!"

Nikaandika amri niliyosomewa, herufi kwa herufi. Mke wangu akanihakikishia kila herufi kwa majina aliyoyajua yeye. Ile alama ya mkwaju aliiita "kijiti kimeegama." Nikabonyeza. Akasema, "Kuna namba inapanda." Tukasubiri ikipanda. Mama alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, nasikia tu shanga za rozari yake.

Namba ikafika mwisho. Mke wangu akavuta pumzi, akaanza kusoma mstari uliotokea, silabi kwa silabi, kwa matamshi ya Kiswahili, kidole chake nakisikia kikigusa kioo. Sijawahi kusikia Kiingereza cha namna ile, na sijawahi kukisikiliza Kiingereza kwa makini namna ile. Nikakamata neno moja, mkufunzi akakamata jingine, tukaunganisha. Kompyuta ilisema imekuta mafaili mabovu, mengine imeyatengeneza, mengine imeshindwa.

"Imeshindwa?" Nilisimama. "Si umesema inajitibu?"

"Kaa, Mwalimu. Haina bati za kuweka, ghala lake lenyewe limepigwa. Sasa tunaiambia ikachukue mazima kwenye mtandao, ijaze ghala, kisha ijikague tena. Mna bando?"

Bando tulikuwa nalo kwenye simu ya mke wangu. Mtandao ndio ulikuwa tabu. Nyumba yetu iko bondeni kidogo, ndani mtandao unakuja na kuondoka utakavyo. Tuliweka simu dirishani, ikakataa. Tukaitundika kwenye msumari wa kalenda, ikakataa. Mahali pekee ambapo inakamata vizuri ni kwenye kona ya jiko la nje, ukiishika juu. Mke wangu hawezi kwenda, yeye ni macho. Mimi ni vidole. Nikaanza kusema nimwite jirani.

"Nipe," mama akasema.

Akainuka mkekani. Sikumwona, lakini najua jinsi anavyoinuka, anashika goti kwanza. Mke wangu akamwelekeza jinsi ya kuishika, akamsindikiza hadi jikoni, akarudi mbio. "Imekamata!"

Nikaandika ile amri ya pili, ndefu, mkufunzi ananisomea kwa subira ya padri. Namba ikaanza kupanda tena, polepole kuliko ya kwanza. Ilifika mahali ikasimama. Mkufunzi akasema itasimama hivyo, msiiguse, hata ikisimama muda mrefu iacheni. Tukaiacha.

Ndipo radi ikapiga.

Wala haikuwa mbali. Bati zililia. Mke wangu akasema, "Yesu wangu, mayu!" Nikasikia mvua inaanza, matone mazitomazito, na nikaogopa vitu viwili kwa pamoja: mama yangu yuko nje ameshika simu iliyowaka, na kompyuta yangu imechomekwa ukutani. Umeme ukikatika, tumekwisha. Mama akiogopa akaizima simu, tumekwisha vilevile. Na kuogopa ni haki yake. Nilitoka mpaka mlangoni nikipapasa ukuta.

"Mayu! Ingia ndani! Acha hiyo simu, njoo ndani!"

"Nikiingia, inafika?" aliuliza kutoka jikoni.

Niliangalia upande aliko, ingawa kuangalia kwangu ni kugeuza uso tu. "Haifiki, mayu."

"Basi rudi ukakae kwenye kazi yako. Mimi nimekula chumvi nyingi, radi inanitafutia nini?"

Ikapiga nyingine. Nikamsikia anaanza Salamu Maria kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa, kama anagombana na mtu. Mwanamke aliyekuwa akitufukuza mlangoni tukiwa watoto, aliyewahi kuzima redio katikati ya taarifa ya habari baba akanuna siku nzima, alikuwa amesimama kona ya jiko, mkono juu, na simu imewaka mkononi. Nilirudi kwenye kiti nikakaa kama alivyoniagiza. Nililia na sikujificha.

"Imesogea," mke wangu akasema. Kisha, "Imesogea tena."

Kwenye kitochi mkufunzi alikuwa kimya kabisa. Nadhani na yeye alikuwa anasali, ingawa baadaye alikana, akasema alikuwa anakula karanga.

Ilifika mwisho mvua ikiwa imeshika kasi. Mke wangu akasoma mstari, akauchana vipande, na safari hii hata yeye alijua kwa sauti ya mkufunzi kwamba ni mwema. Lakini bado. Tukarudia amri ya kwanza, ile ya kujikagua, ikapanda yote tena, na mama akagoma kutoka jikoni ingawa nilimwambia mtandao hauhitajiki sasa. "Mkimaliza mtaniita," akasema. Mstari wa mwisho ulisema imekuta mafaili mabovu na yote imeyatengeneza. Nikazima kompyuta kwa utaratibu wake, kwa adabu kama anayemlaza mgonjwa, nikaiwasha.

Ule mlio wa kuamka. Kimya. Halafu puani, haraka, bila pumzi, ikasoma saa, ikasoma tarehe, ikasoma majina ya mafaili yangu yote, kidato cha tatu, kidato cha nne, mitihani, na haikukatika.

"Mke mwenzangu ameamka!" mke wangu alipiga kigelegele mpaka mkufunzi akalalamika sikio lake. Nilimkumbatia palepale kwenye stuli. Nikamwambia asante, mke wangu, macho yangu, na akasema nisimlize, ana gauni la watu la kumalizia.

"Inaongea?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Inaongea, mayu!"

Mke wangu alipomfuata alimkuta amekaa chini pale jikoni, mkono bado juu, simu bado imewaka, analalamika kwamba mkono umekufa ganzi haushuki.

Jumatatu wageni walikuja. Walikaa nyuma, nikasikia viti. Somo lilikuwa uchumi wa kikoloni na mazao ya biashara, na niwaambie ukweli, ukifundisha habari za pamba kwa watoto wa Bariadi huna haja ya kujitutumua, nusu yao asubuhi walikuwa wametoka kuichuma. Waliuliza maswali, wakabishana, mmoja akasema bei ya wakoloni haina tofauti kubwa na aliyolia nayo baba yake, darasa likaangua kicheko, na nikajua wageni nao wamecheka. Sauti sikioni ilinipeleka hatua kwa hatua. Kisha mgeni mmoja akaniomba nifungue alama za mwanafunzi atakayemtaja. Akataja. Nikabonyeza, nikasikiliza, nikamsomea. Akataja mwingine. Nikamsomea. Akaniuliza kama nisingependa kupangiwa kazi nyepesi, labda maktaba. Nikasema nashukuru sana, ila hii nzito ndiyo ninayoipenda.

Mkuu wa shule alinifuata mchana huo chumba cha walimu, akanishika bega. "Unabaki, Mwalimu. Wamesema wazi, na wataliandika." Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili nikaubembeleza kama mtoto, mpaka akasema basi, inatosha, watu wanatuangalia.

Nyumbani nilimkuta mama uani anapeta mchele, mke wangu kando yake. Nilisema palepale, sijakaa, "Mayu, nimebaki. Nitaendelea kufundisha." Mke wangu akaruka. Ungo wa mama ukasimama. Akaniomba nimpigie ndugu yangu Zagayu, yule wa pamba haihitaji macho.

"Wa nini, mayu?"

"Mpigie, nina neno naye."

Nikakazana kuuliza. Ndipo aliposema kwamba hakuja kutusalimia. Alikuja kunichukua. Nilipowaeleza kwa simu habari za wageni wa Jumatatu, walikaa kikao nyumbani wakaona nitafukuzwa, na wakaamua nisije nikarudi kama mtu asiye na pake. Walipiga plasta chumba cha upande wa mashariki, wakaweka kitanda na mlango mpana. Ndugu yangu mwenyewe alisimamisha nguzo, akafunga kamba kutoka mlango wa chumba mpaka chooni, ili nikitoka niishike nisipotee.

"Siku ya waya," mama alisema, "nilifikiri mimi ndiye nimekufungia hiyo kamba."

Niliwapenda wote, na yule ndugu yangu zaidi, na nikaona jinsi ile kamba ilivyonikosa kidogo tu. Nikapiga namba, nikampa simu. Ndugu yangu alipopokea, mama hakumwamkia hata.

"Anabaki na kazi yake," akasema. "Kile chumba jazeni pamba. Na ile kamba ikateni, mfungie ndama."